Sumu Iliyogeuka Chakula

Kila gunia la kahawa linaloshuka kutoka vilima vya Jomba na Busanza, wilayani Rutshuru nchini Kongo, limebeba sumu. Mnywaji haoni shida yoyote, maana kwake kafeini ni dawa ya kufukuza usingizi. Kwa mdudu anayetafuna punje mbichi mambo ni tofauti kabisa: kafeini kidogo humvuruga mishipa ya fahamu, ikizidi humuua. Mbuni ulikuwa ukiitengeneza kwa kazi hiyo zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiria kukaanga punje zake na kuzichemsha.

Kafeini haiko peke yake. Mazao kadhaa yanayoiletea Kivu fedha ni silaha ambazo mimea ilijitengenezea. Kwinini, ambayo kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu huitoa kwenye magome ya mkwinini, ni kinga ya mti dhidi ya walaji wake. Utomvu mweupe wa papai bichi, ambao wakulima wa Beni huugema, huukausha na kuuza kwa jina la papaini, nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwalisha viwavi majani ya mpapai, na viwavi wakadhoofika na kufa. Majani yaleyale yalipooshwa utomvu, viwavi wakala na kukua vizuri.

Lakini silaha ya aina hii ina udhaifu mmoja. Humlinda mwenyewe mpaka siku atakapotokea adui anayeweza kuila.

Adui wa namna hiyo wakulima wa kahawa wanamjua. Ni mbawakawa mweusi ambaye jike wake hafikii milimita mbili, Hypothenemus hampei kwa jina la kisayansi. Wakulima wa Kagera, Tanzania, humwita ruhuka, na mabwana shamba wa Kongo wamezoea jina lake la Kifaransa, skolite. Hutoboa tundu dogo kwenye kitovu cha tunda, upande ule ua lilipokuwa, akapenya hadi ndani ya punje na kutaga mayai humo. Watoto wake hukulia ndani ya punje hiyohiyo. Mashamba ya Gabon yaliripoti madhara yake mwaka 1901, Kongo mwaka 1903, na leo yuko karibu kila nchi inayolima kahawa. Hana chakula kingine anachokitegemea maishani mwake ila punje, na punje imejaa kafeini.

Kwa nini hafi? Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walipata jibu tumboni mwake. Humo wanaishi bakteria, mmojawapo akiitwa Pseudomonas fulva, ambao huivunjavunja kafeini na kujilisha kwayo. Ruhuka walipopewa dawa ya kuua bakteria, kafeini ilipita matumboni mwao bila kuguswa, na uzazi wao ukaporomoka. Kwa hiyo mdudu mwenyewe hajaishinda sumu ya mbuni. Aliyeishinda ni mwenzake mdogo asiyeonekana kwa macho, anayesafiri naye.

Ushirika kama huo, wa mbawakawa na kiumbe mdogo anayemfungulia njia, umechunguzwa kwa kina zaidi kwenye misonobari. Msonobari si mti wa asili wa nchi hizi. Aina iliyoenea sana kwenye miinuko yetu, Pinus patula, ilitoka Meksiko. Imejaa katika mashamba ya miti ya Sao Hill huko Mufindi, Tanzania, imepandwa Mafuga kusini-magharibi mwa Uganda, na imezungushiwa msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Ukikuta mti mmojawapo ulioguswa na panga, tazama jeraha lake. Kitu kinachong'aa kimetiririka kutoka kwenye gome, kinanata vidoleni na kunuka tapentaini. Pembeni, kilipopigwa na upepo siku nyingi, kimekauka na kuwa cheupe kama chumvi. Huo ndio ulimbo, na kwa msonobari ndiyo safu ya kwanza ya vita.

Ulimbo hukaa katika mirija inayopita kwenye gome na ndani ya mbao, ukiwa umeshindiliwa. Mbawakawa akitoboa mrija hububujika, ukamsukuma nje au ukamzamisha hapohapo. Sehemu yake nyepesi, ile yenye harufu kali, hupaa hewani nayo ni sumu kwa wadudu na kwa kuvu nyingi. Sehemu nzito hubaki, ikaganda na kuziba tundu. Vipande vingi vya kaharabu vyenye wadudu ndani yake, vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya dunia, ni ulimbo wa miti ya kale ulioganda juu ya mdudu na kukaa ardhini mamilioni ya miaka.

Safu ya kwanza ikivunjwa, ya pili inaanza, nayo ndiyo inayostahili kustaajabiwa. Chembe hai zinazolizunguka tundu hujiua zenyewe. Eneo zima lenye umbo la yai hukauka na kugeuka kahawia, likinyimwa sukari na kujazwa kemikali zile za ulimbo kwa kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha kawaida. Kuvu iliyoingia na mdudu inajikuta katikati ya nyama iliyokufa, isiyo na chakula na iliyojaa sumu. Wakati huohuo mti huanza kuunda mirija mipya ya ulimbo katika mbao itakayoota baadaye, kana kwamba unatarajia shambulio lingine. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya magogo kuchunguza majeraha yake, alieleza mwaka 1977 kwamba mti hauponi jinsi mwili wa mtu unavyopona. Hauirudishi sehemu iliyoharibika. Huizungushia ukuta, ukaendelea kukua nje ya ukuta huo. Ndiyo maana gogo lililopasuliwa huonyesha madoa ya jeraha la miaka 30 iliyopita, yakiwa palepale.

Basi ni nini kilichoiangusha misonobari ya magharibi mwa Kanada? Kuanzia miaka ya 1990, katika jimbo la British Columbia, mbawakawa aitwaye Dendroctonus ponderosae alienea katika eneo la zaidi ya hekta milioni 18 na kuua sehemu kubwa ya misonobari iliyokuwa tayari kuvunwa. Mdudu huyu ana vifuko mdomoni, na ndani yake hubeba vijimbegu vya kuvu. Anapotafuna gome huvipandikiza. Kuvu hiyo, Grosmannia clavigera, hupenya kwenye mbao changa, ikazitia rangi ya buluu na kuzuia maji yasipande. Mwaka 2011 wanasayansi wa Kanada walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vyake na kueleza jinsi inavyovumilia ulimbo. Ina pampu inayoutoa nje ya chembe zake, na ina vimeng'enya vinavyoubadilisha sehemu yake kuwa chakula. Mdudu naye ana ujanja wake. Huichukua kemikali moja ya ulimbo, alfa-pinini, akaigeuza kuwa harufu ya kuwaita wenzake. Kitu ambacho mti ulikimwaga kumfukuza mmoja kikawaalika mamia.

Hapo ndipo idadi inapoamua. Msonobari wenye afya huwamudu wavamizi wachache, kila mmoja akamwagiwa ulimbo na kuzungushiwa ukuta wake. Wakija mamia katika siku chache, ulimbo hukauka kabla kuta hazijakamilika. Mti uliopigwa na ukame hushindwa mapema zaidi, kwa sababu ulimbo hausukumwi bila maji na kuta hazijengwi bila sukari. Kanada ilipata majira ya kiangazi yenye ukame, na baridi kali za karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, zilizokuwa zikiwaua viwavi chini ya magome, zikaacha kuja mara kwa mara.

Mbawakawa huyo hayuko Afrika. Misonobari yetu ilikutana na adui mwingine asiyehitaji mdudu wa kumbeba, kuvu ya Dothistroma inayosafiri kwa mvua na ukungu na kukausha majani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa imewalazimisha wataalamu wa misitu wa Kenya na Tanzania kuacha kupanda Pinus radiata, mti waliokuwa wameutegemea sana. Pinus patula ulichukua nafasi yake kwa sababu unaihimili kuvu hiyo.

Ukitaka kumwona mbawakawa mwenye kuvu yake karibu na Rutshuru, ni kwenye kahawa utakakomkuta. Mwaka 1993, katika wilaya ya Bundibugyo nchini Uganda, ng'ambo tu ya mto Semuliki ukitokea Beni, ilionekana mibuni ya robusta ikikauka kitawi kimoja kimoja. Msababishaji alikuwa Xylosandrus compactus, mdudu mwenye asili ya Asia. Baadaye alisambaa katika sehemu kubwa ya Uganda, akashambulia pia kakao, parachichi na miti mingine mingi.

Kitawi alichokiingia hutambulika kwa urahisi. Majani ya nchani hunyauka na kuwa kahawia iliyokoza huku kitawi jirani kikiwa kibichi kabisa. Ukikigeuza, kwa upande wa chini utaona tundu linalotoshana na ncha ya sindano nene, pengine na unga mweupe wa mbao mdomoni mwake. Ukikipasua kwa wembe utakuta chumba kirefu katikati, na kuta za chumba hicho zimefunikwa utando wa kijivu. Utando huo ndio shamba. Jike mweusi, mwenye urefu usiofikia milimita mbili, alikuja na mbegu ya kuvu katika kifuko kilicho mgongoni, akaipanda, akataga mayai, na viwavi wake wanakula kuvu badala ya mbao. Madume hawana uwezo wa kuruka. Hupanda dada zao humohumo ndani na kufia humo. Kwa muda wa kama mwezi mmoja tu, majike wapya wanatoka kwa tundu lilelile, kila mmoja amebeba mbegu yake na ameshatungwa mimba. Jike mmoja anatosha kuanzisha shamba jipya. Pamoja na kuvu ya chakula huingia pia kuvu nyingine, fuzari, ambayo huharakisha kifo cha kitawi.

Mbuni hauna ulimbo. Hauwezi kumzamisha mdudu. Kafeini yake nayo haina kazi kubwa hapa, kwa kuwa mgeni huyu hali mti, anakula anachokilima. Ulinzi uliobaki ni ule wa kujenga kuta: chembe zilizo karibu na jeraha hutoa kemikali chungu, na mishipa ya maji hujazwa vivimbe na gundi ili kuvu isipite. Ni kama mwenye nyumba anayeziba bomba ili mwizi asipenye humo, na kiu ikaanza kuwaua waliomo ndani. Kitawi hufa, lakini mara nyingi shina husalimika. Kwa kweli mti huwa umekubali hasara hiyo. Tatizo la mkulima ni kwamba kwenye robusta vitawi hivyo ndivyo vinavyobeba matunda.

Mdudu huyu ana njia ya kuuchagua mti. Mti uliochoka kwa ukame, mizizi iliyozama majini au gome lililojeruhiwa hutoa ethanoli, pombe ileile inayopatikana katika kinywaji kikali, na mbawakawa wa jamii hii huifuata harufu yake kutoka mbali. Mitego yenye chupa ya pombe inayotundikwa shambani hutumia tabia hiyo. Kwa maneno mengine, mti dhaifu hujitangaza wenyewe.

Ugonjwa mkubwa zaidi wa kahawa katika eneo hili, hata hivyo, haumhitaji mbawakawa kabisa. Ni mnyauko fuzari, ambao Wakongo huuita trakeomikozi. Kuvu yake, Fusarium xylarioides, huingia kwenye kidonda karibu na ardhi, hupanda kwa mishipa ya maji na kuuziba mti wote. Majani hugeuka manjano na kuanguka, matunda huiva kabla ya wakati na kung'ang'ania matawini, na ukikwangua gome la shina utaona mistari ya buluu iliyokaribia weusi kwenye mbao. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaiharibu kahawa ya Kongo, kisha ukadhibitiwa kwa kung'oa miti na kupanda robusta zilizochaguliwa Yangambi kwa uvumilivu wake. Katika miaka ya 1970 uliibuka upya kaskazini-mashariki mwa Kongo, upande wa Isiro. Ukateremka hadi Beni, ukavuka kuingia Uganda mwaka 1993, na miaka michache baadaye ukafika Kagera. Ndani ya mwongo mmoja Uganda ilikuwa imepoteza karibu nusu ya mibuni yake ya robusta.

Na kidonda kile hutoka wapi? Mara nyingi ni panga. Mkulima anayepalilia kwa panga hugonga shina la mbuni uliougua, na bila kujua huhamia shina linalofuata akiwa na vijimbegu vya kuvu kwenye makali. Kazi ambayo kwenye msonobari hufanywa na mdomo wa mbawakawa, hapa hufanywa na chombo kilicho mkononi mwa mtu anayeitaka miti yake ipone. Hili linauma kulieleza, lakini pia ndilo linaloleta matumaini zaidi kuliko jambo lingine lolote katika habari hii, kwa sababu mdudu hafundishiki na mtu anafundishika. Panga likipitishwa kwenye moto au kufutwa kwa dawa ya klorini kila linapotoka kwenye mti mmoja kwenda mwingine, njia imefungwa. Kupalilia kwa mkono karibu na shina kunaifunga zaidi. Mti uliokufa hung'olewa na kuchomwa pale ulipo, wala haukokotwi kuwa kuni katikati ya shamba.

Rutshuru inalima zaidi arabika, na hapa imepata nafuu yake. Kuvu ya mnyauko imegawanyika katika makundi mawili. Lile la Kongo, Uganda na Tanzania huishambulia robusta, na lile la Ethiopia huishambulia arabika. Ndiyo maana dhoruba iliyoifagia Beni iliipita Rutshuru bila kuiangamiza. Lakini kundi la Ethiopia lipo, na kuvu hizi zinajua kubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba Fusarium xylarioides iliwahi kupokea vipande vya vinasaba vya kushambulia kutoka kwa Fusarium oxysporum, jamaa yake anayeishi kwenye mimea mingi, migomba ikiwamo. Kahawa na migomba ndizo hukaa pamoja katika mashamba mengi ya Kivu.

Nafuu ya pili ya Rutshuru ni baridi ya miinuko. Ruhuka hushindwa kuzaliana joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, na kadiri vilima vinavyopata joto ndivyo naye anavyopanda. Utafiti wa mwaka 2011 kuhusu Afrika Mashariki ulitabiri kwamba maeneo ya arabika yaliyokuwa salama kwa ubaridi wake, Rwanda na Burundi yakiwamo, yatamruhusu kuzaa vizazi vingi zaidi kwa mwaka.

Kuna jambo jingine, nalo linamhusu mtu. Ulinzi wote wa mti, wa ulimbo kwenye msonobari na wa kuta kwenye mbuni, hutegemea nguvu ya mti siku ile mdudu anapofika, na nguvu hiyo hutegemea mtu: kupogolea, mbolea, kivuli cha kiasi, kuokota matunda yaliyobaki ili ruhuka asihamie ndani yake baada ya mavuno. Na mtu huyo ameondolewa na vita: Bunagana ilitekwa Juni 2022, Rutshuru na Kiwanja mwezi Oktoba mwaka huohuo, na Goma Januari 2025. Watu kwa maelfu walikimbia wakiacha mashamba yao. Shamba lisilookotwa matunda ni kitalu cha ruhuka kwa majirani wote, na mibuni isiyopogolewa hulemewa na matawi yake mwenyewe. Anayerudi baada ya miaka miwili anakuta magugu, na pia wadudu walioishi vizuri zaidi kuliko yeye. Kumshauri mtu huyo aanze na dawa ni kumkosea. Kazi yake ya kwanza ni kuyachuma matunda makavu yote, yale ya matawini na yale yaliyoanguka, na kuyazamisha kwenye maji ya moto au kuyazika kwa kina.

Kinga ya kudumu hutoka kwenye mbegu. Kituo cha Kituza nchini Uganda kimetoa robusta zinazostahimili mnyauko, ambazo majina yake huanza na herufi KR, na kituo cha Maruku mkoani Kagera kimefanya kazi ileile kwa Tanzania. Yangambi bado inahifadhi mkusanyo wa mibuni, na misitu ya Kongo ni makazi ya asili ya robusta yenyewe. Humo imo mibuni mwitu ambayo imepambana na kuvu na mbawakawa kwa muda mrefu kuliko shamba lolote. Kwa mkulima wa arabika wa Jomba, swali la kuuliza kabla ya kununua miche ni ilikotoka. Mche wa bei nafuu uliovushwa mpakani bila cheti unaweza kubeba kuvu kwenye mizizi yake, na kuvu ya kundi la Ethiopia ikifika hapa itakuta arabika ambayo haijawahi kuchaguliwa kwa ajili ya kupambana nayo.